Siku Mama Alipompigia Mkwewe Kigelegele

Wakati ule tulikuwa tumeshahamia Kinondoni, mie na mume wangu na mtoto wetu wa kwanza, na mama yangu alikuwa ametufuata kutoka Temeke baada ya baba kufariki. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na ukumbi katikati, na mama tulimpa chumba cha uani kwa sababu ya heshima ya ukwe. Kwetu sie mkwe na mama mkwe hawazoeani. Mume wangu akitaka kumwambia mama jambo, aliniambia mie, na mama yupo palepale anasikia. Nami nikimwambia mama, mama ananijibu mie. "Mwambie mwenzio mboga ipo." "Mwambie mama nimeshakula." Kutwa nzima nilikuwa mkalimani ndani ya nyumba yangu, na lugha yenyewe ni moja.

Kwa umbo mama alikuwa mdogo, mwembamba, na kazi yake ilikuwa kusuka ukili wa mikeka. Ila kigelegele chake kilijulikana. Palipokuwa na harusi, hata ya watu tusio na udugu nao, aliitwa. Watu walikuwa wakisema kigelegele cha mama kikianzia uani kwa bibi harusi, bwana harusi aliyeko njiani anajua ameshapokewa. Wala hakukipiga kwa majivuno. Furaha ikimjaa kilimtoka, kama chafya inavyomtoka mtu.

Mume wangu alikuwa mbeba fimbo kwenye uwanja wa gofu wa Wazungu, kule upande wa mjini, ukishavuka daraja. Alikwenda asubuhi kwa miguu na kurudi jioni kwa miguu. Kazi ilikuwa kubeba mfuko wa fimbo za mchezaji, kumpa ile anayoitaka, na kuutazama mpira unakoangukia ili usipotee. Mtaani walimcheka. Walisema mtu mzima na ndevu zake anamfuata Mzungu anayekimbizana na yai. Lakini yeye aliupenda ule mchezo. Pamoja na wenzake walikuwa wamefyeka uwanja wao huku kwetu, kati ya minazi na mikorosho, wakachimba mashimo na kuyazamishia makopo ya maziwa, na kuzunguka kila shimo wakamwaga mchanga na kuushindilia mpaka ukalala. Walicheza Jumapili, kwa fimbo zilizovunjika zikaungwa. Hakuna aliyekwenda kuwatazama. Tulijua tu kwamba wapo kule, basi.

Wazungu wa uwanja wa mjini walikuwa wakubwa wa serikali, madaktari, watu wa benki. Walicheza kujifurahisha. Aliyekula kwa gofu alikuwa mmoja tu, mwalimu wao, mzee aliyechechemea, mwenye Kiswahili kilichojaa amri kuliko maneno mengine. Kipupwe kimoja akaja mwingine kutoka kwao, kijana, aliyekuwa akizunguka nchi hata nchi kucheza kwa malipo. Ikapangwa acheze na yule mwalimu, na watu waalikwe. Mume wangu akachaguliwa kumbebea mgeni.

Siku aliyotuletea habari hiyo hakuvua hata viatu. Aliketi ukumbini, akaniambia kwa sauti iliyofika uani, "Mwambie mama, watu wote wameruhusiwa kuja. Itafungwa kamba upande wa barabara, na sie watu weusi tutasimama nje ya kamba."

"Muulize," mama akasema, "kuna ngoma?"

"Mwambie hakuna ngoma. Mtu akitaka kupiga mpira, watu wote wananyamaza."

Mama aliuacha ukili wake mapajani. "Wananyamaza? Kwani kuna maiti?"

Mume wangu aligeuka ukutani, asionekane akicheka mbele ya mkwewe.

Tulikwenda wanawake kama kumi wa mtaani, tumejitanda kanga zetu za kutokea, na mie mtoto mgongoni. Nje ya kamba tulikuta watu wengi: wapishi na matarishi, makuli waliotoka Kurasini baada ya kazi, wauza machungwa. Ndani ya kamba walikuwa Wazungu, wengine wamekaa kwenye viti vya turubai chini ya miavuli. Ulikuwa uwanja mkubwa kuliko nilivyodhani, na muda mrefu hatukuona kitu. Wachezaji walikuwa mbali, wadogo kama kuku. Tuliongea habari zetu, tukamenya machungwa. Kisha taratibu wakaanza kusogea upande wetu, na nikamwona mume wangu.

Alikuwa amevaa shati jeupe nililolipiga pasi kwa mkono wangu. Alitembea hatua moja nyuma ya yule kijana, mfuko begani, na kila alipoulizwa alijibu kwa neno fupi. Nyumbani nilizoea kumwona amechoka. Pale alikuwa kama mtu mwingine, macho yake makali, anatazama upepo, anatazama majani, anakanyaga taratibu kana kwamba ardhi imelala asiiamshe.

Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mwekundu wa uso, na tangu mbali niliona kwamba hana raha. Mzungu mmoja alikuwa na kamera. Ilipolia, kijana aliacha kupiga, akamgeukia, akamwambia neno lililomfanya yule bwana aishushe kamera yake. Hatua chache mbele kijibwa cha mama mmoja wa Kizungu kikabweka. Kijana akasimama, akafumba macho, akangoja. Lori likapita barabarani likilia gia. Akangoja tena. Watu wa upande wetu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, ila kwa kuona mtu mzima mwenye nguvu anazuiwa kazi yake na kijibwa. Mie niliitazama shingo yake ikizidi kuwa nyekundu na nikajua kicheko kinamfikia.

Shimo la mwisho lilikuwa karibu kabisa na kamba yetu. Karani mmoja aliyejua kidogo mchezo ule alitueleza kwamba wako sawasawa, yeye na mwalimu, na kwamba mgeni akiutia huu mpira, ameshinda. Ulikuwa umebaki mwendo mfupi, labda urefu wa mkeka. Mwalimu alisimama pembeni ameegemea fimbo yake. Kimya kikaanguka, hata wauza machungwa wakanyamaza.

Hapo mume wangu akachuchumaa. Aliutazama mchanga wa kuzunguka shimo, akautazama mpira, akanyoosha kidole na kuonyesha mahali, si kwenye shimo bali pembeni yake kidogo, kwamba upitie pale. Yule kijana naye akachuchumaa nyuma yake, akatazama kile kidole kinakoelekea, akatikisa kichwa kukubali. Wakasimama wote wawili.

Lazima nieleze mama aliona nini. Hakuwa anajua shimo wala mpira. Aliona mkwewe akionyesha kwa kidole, na Mzungu akitii. Sie wa zama zile tulikuwa tumezoea kuona kidole kikinyooshwa kutoka upande mmoja tu. Furaha ikamjaa. Kijana alipoirudisha fimbo nyuma ili apige, kigelegele kikamtoka mama, kirefu, kikali, kile cha bibi harusi.

Mpira ukapita shimo ukaenda zake.

Kijana alibaki ameinama. Kisha akainuka na kuitupa ile fimbo kwa nguvu zake zote. Nadhani alikusudia ardhi, maana iligonga ardhi kwanza, lakini iliruka, ikazunguka hewani, ikapita chini ya kamba na kunigonga muundi wa mguu. Niliketi chini bila kupenda. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Wanawake wakanizunguka, na juu ya vichwa vyao nikamsikia yule kijana akija, akifoka kwa Kiingereza, na sauti ya katibu wa uwanja ikija nyuma yake.

Mume wangu alikuwa ameshaweka mfuko chini. Alifika kwenye kamba kabla yao, akasimama katikati yao na sie.

Katibu yule alikuwa mtu mkavu aliyeijua lugha yetu vizuri. Akasema, "Mwambie huyo mwanamke aondoke hapa. Sasa hivi."

"Siwezi, bwana," mume wangu akajibu.

"Huwezi kwa nini?"

"Huyu ni mama mkwe wangu. Mie sijapata hata kumwambia habari za asubuhi mdomo kwa mdomo. Nitamfukuzaje?" Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na huyu aliyepigwa na fimbo ni mke wangu."

Katibu alimtazama yeye, akatutazama sie, akamtafsiria mgeni nusu ya maneno hayo, nusu ipi sijui. Kijana akanyamaza. Alinitazama nilipokaa, mguu nimeushika, na mdomo wake ukafunguka kidogo. Lakini katibu alikuwa ameshaamua. "Basi ondokeni wote," akamwambia mume wangu. "Na wewe usirudi."

Tulirudi Kinondoni kwa miguu, mie nikichechemea, mume wangu amembeba mtoto, mama nyuma kabisa amejifunika kanga hadi machoni. Wanawake wenzetu walitutangulia kwa makusudi, ili watuachie nafasi ya kunyamaza.

Asubuhi yake nilimkuta mama anafunga mzigo. Mkeka, chungu chake, kanga, na mafungu ya ukili. Alisema anarudi Temeke kwa dada yake. "Mkwe wangu alikuwa na kazi," akasema, "nikaja mie na mdomo wangu nikaiondoa. Nitakaaje hapa nile chakula chake?"

Nilimsihi, hakusikia. Nikamwita mume wangu kwamba aseme neno nimfikishie. Akaja hadi mlango wa uani. Akasimama pale, akaangalia chini, na badala ya kuniambia mie, akasema, "Mama, shikamoo."

Mama akashtuka, akavuta kanga. "Marahaba, baba."

"Usiondoke, mama. Aliyetupa fimbo si wewe. Na mtu hajapata kunishangilia mie tangu nizaliwe, ila jana."

Mama aliketi juu ya ule mzigo akalia. Mume wangu naye akaondoka haraka, maana ujasiri wake ulikuwa umekwisha. Mzigo ulifunguliwa, na chungu kikarudi mafigani siku ileile.

Zikafuata siku ngumu. Mume wangu alikwenda bandarini, Kurasini, kupanga mstari na makuli wengine asubuhi. Siku nyingine alipata, siku nyingine alirudi. Alipopata ilikuwa magunia, na jioni alipoosha mikono niliona ngozi imechubuka viganjani. Hakulalamika, lakini Jumapili wenzake walipopita kumwita uwanjani alisema amechoka. Nilizoea kumwona akichoka na gunia. Kumwona amechoka na gofu ndiko kulikonitia hofu. Mguu wangu ulivimba ukapoa, ukaacha alama.

Ndipo alasiri moja likaja gari. Kinondoni ile gari halikuwa jambo la kila siku, na la Mzungu lilikuwa jambo la kuacha sufuria motoni ukaenda kutazama. Wakashuka wawili, mwalimu mzee na mguu wake, na yule kijana. Mmoja wa wabeba fimbo alikuwa amekaa na dereva, ndiye aliyeonyesha nyumba.

Mwalimu alibisha hodi kama mtu, akangoja. Tuliwapa kigoda kimoja na kiti kimoja. Mume wangu alikuwepo, siku ile hakupata kazi. Mama alibaki nyuma ya mlango wa uani, lakini nilijua sikio lake liko wapi.

Mwalimu alianza. Alisema kuhusu ule mchezo kwamba kwenye karatasi yeye ndiye mshindi, maana mgeni hakurudi kuumaliza, na kwamba ushindi wa namna ile unamkaa kooni. Alisema mgeni alikuwa aondoke na meli, na ameacha meli ipite. Kisha kijana akasema kwa lugha yake, na mwalimu akatufasiria kipande kipande.

"Anasema anataka kuona mguu wa mama huyu, kama umepona."

Kabla sijajibu, sauti ya mama ikatoka nyuma ya mlango. "Mwambie mguu wa mke wa mtu hautazamwi. Atosheke na habari. Umepona."

Mwalimu akafasiri. Kijana akawa mwekundu tena, safari hii mpaka masikioni. Akasema, na mwalimu akafuata, "Anasema hana la kujitetea. Tangu utoto wake anacheza hivi, na akisikia sauti anapotaka kupiga, kitu kinamkatika ndani. Amewahi kumfokea rafiki yake, amewahi kumfokea padri. Lakini hajapata kumpiga mtu. Amekuja kuomba radhi kwako, na kwa mumeo, na kwa yule bibi."

Mume wangu alinitazama mie, akatazama mlango wa uani. Kisha akasema, "Mwambie tumepokea."

Nikaleta chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, na wakala. Kijana alikuwa na njaa, au alijua adabu. Katika kula, yule mbeba fimbo aliyekuja nao akataja uwanja wao wa nyuma ya minazi, na kijana akaweka kikombe chini akataka kuuona. Twende, twende, ikawa safari. Wanaume mbele, sie nyuma, na watu wa mtaani, ambao walikuwa wamejaa mlangoni tangu gari lilipofika, wakafuata wote.

Kijana alizunguka uwanja ule kwa makini. Aligonga makopo ya maziwa kwa ncha ya kiatu, akachuchumaa kwenye mchanga, akaulizia upepo. Akasema anataka kucheza na mume wangu. Mume wangu akakataa, akasihiwa, akakubali. Fimbo za mgeni zilikuwa garini, wakakubaliana watumie zilezile wote wawili.

Sasa, jueni kwamba watu wa Kinondoni hawakuwa na habari ya kimya. Walisimama ndani ya uwanja wenyewe, wakaacha kinjia tu cha mpira kupita. Waliulizana maswali, walimwita mtoto aliyepotea, walibishana kama mpira umepanda au umeshuka. Kila mpira ulipopigwa walipiga makofi, na ulipoangukia vichakani walisikitika kwa sauti moja. Kijana mwanzoni alifumba macho kama siku ile. Nikamwona anavuta pumzi, anaupiga, na unakwenda vibaya. Mara ya pili vilevile. Shimo la tatu hakufumba macho tena. Aliangalia watu, akacheka peke yake, akapiga. Mpira ulipaa ukawa mdogo, na watu wakaufuata kwa vidole mpaka ulipotua karibu na kibendera cha kitambaa.

Mume wangu ndiye aliyekuwa na hali nyingine. Niliona tangu mwanzo. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Jumapili zote zile alikuwa amecheza mbele ya korosho na nazi, na sasa mtaa mzima unamtazama, na mkewe, na mkwewe. Alikosa mpira mmoja wa karibu, wa pili akautia, wa tatu akaukosa tena. Kwenye shimo la mwisho alikuwa nyuma, lakini alikuwa na mpira mfupi wa kujirudishia heshima. Akasimama juu yake. Akanyanyua fimbo.

Muuza kahawa wetu, mzee wa mtaa wa pili, alikuwa amefika na birika lake, na kama wauza kahawa wote alikuwa akigonganisha vikombe mkononi ili watu wajue kahawa ipo. Ka-ka-ka, ka-ka-ka.

Mume wangu aliibwaga fimbo chini. "Nyamaza wewe mzee," akasema, na sauti ilikuwa kali kiasi kwamba mtoto wetu alishtuka. "Huoni watu wanafanya kazi?"

Kumwambia mzee vile, mzee ambaye kila asubuhi ulimwamkia, halikuwa jambo dogo kwetu. Muuza kahawa aliweka birika chini taratibu.

"Mie nilikuwa napita hapa," akasema, "kabla wewe hujachimba hilo shimo lako."

Mume wangu aliinua macho, akamwona yule kijana wa Kizungu amesimama mbele yake. Hawakuwa na lugha ya kuongea, au walikuwa na kidogo sana. Kijana aliinama, akaiokota fimbo, akaifuta mchanga kwa suruali yake, akampa. Akasema neno, na mwalimu akafasiri bila kuulizwa. "Anasema hata yeye alidhani kelele ni wivu wa watu. Kumbe kinachomkasirisha ni woga wake mwenyewe."

Mume wangu akamwendea mzee, akapiga goti, akamwomba radhi. Mzee akamwambia inuka, ukacheze, kahawa inapoa. Alirudi, akapiga, na mpira ukalamba ukingo wa kopo ukakaa nje. Mgeni akashinda kwa mbali. Watu wakampigia makofi yeye, kisha wakampigia makofi mume wangu vilevile, na mume wangu akaanza kucheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu siku ile ya kamba.

Ndipo mama alipojitokeza. Alikuja amejitanda, hakumtazama mkwewe, akamwendea mwalimu mzee moja kwa moja.

"Wewe unaijua lugha yetu," akasema. "Niambie. Mtu anyamaze lini, na ashangilie lini? Mie sikuambiwa. Hakuna aliyeniambia."

Mwalimu alimweleza, kwa Kiswahili chake cha amri. Mtu akisimama juu ya mpira, kimya. Mpira ukiwa hewani, sema unachotaka. Ukitumbukia, fanya furaha yako.

"Na mtoto akilia?"

Mwalimu akafikiri. "Mtoto akilia, mchezaji angoje."

"Na chafya?"

"Chafya ni kazi ya Mungu."

Mama akaona hayo ni ya haki. Kuanzia siku ile alijipa kazi. Jumapili, wanaume walipocheza, alikuja na mkeka wake akakaa karibu na shimo, na mtu alipotaka kupiga aliinua mkono, na mtaa wote ukanyamaza. Alipoushusha, kelele zikaendelea pale zilipokatikia. Watu walizoea wakaanza kuja hata kutoka mitaa ya mbali, wengine kwa ajili ya gofu, wengine, nadhani, kwa ajili ya mkono wa mama. Muuza kahawa alijifunza kuvishika vikombe. Wanawake tulifagia mchanga wa mashimo kwa fagio za chelewa, na baadhi yetu tukaanza kubishana juu ya mipira kwa ujuzi ambao waume zetu hawakuupenda.

Mgeni akaondoka na meli iliyofuata. Kabla ya mwezi kuisha mwalimu alikuja tena, peke yake. Alikuwa amewaambia wakubwa wa uwanja kwamba mguu wake hauwezi tena kazi zote, na kwamba msaidizi atamchagua mwenyewe. Nilielewa kwamba katibu hakufurahi. Mume wangu hakurudi kubeba mifuko. Alikaa kwenye kibanda cha mwalimu akitengeneza fimbo, akizikazia vishikio vya ngozi, na baadaye akaanza kuwafundisha wanaojifunza, watu waliokuja juzi kutoka kwao na mikono migumu. Kidogo kidogo ikawa ndiyo kazi yake. Akala kwa gofu, kama wale wawili.

Nisiseme hasira ilimwacha. Haikumwacha. Mara kadhaa alirudi amevimba kwa sababu fulani amekohoa, fulani ameangusha mwavuli. Alivua viatu, akakaa, akaanza kueleza, na katikati ya kueleza alijisikia mwenyewe akanyamaza. Mama, ambaye sasa walikuwa wakiamkiana kwa mdomo, alimwuliza, "Ulimfokea?" Siku nyingi jibu lilikuwa hapana. Siku chache lilikuwa ndiyo, na siku hizo alikula kidogo, na kesho yake alitoka mapema kwenda kumtafuta aliyefokewa.

Wanaume wa Temeke nao walipata habari, wakafyeka uwanja wao kwenye njia ya kwenda Chamazi, na tukawa tunatembeleana. Nakumbuka moja ya michezo hiyo, kwao. Mume wangu alikuwa na mpira wa mwisho, na alipoinua fimbo jogoo akawika kichakani, nyuma yake kabisa. Akashusha fimbo. Akangoja. Jogoo akawika tena. Watu mia wamefunga midomo, na jogoo anawika. Mume wangu aliegemea fimbo, akafuta jasho, akamwuliza mwenye nyumba wa jirani kama jogoo anauzwa. Tulicheka mpaka jogoo akanyamaza kwa kutuogopa. Akapiga, akakosa, na bado alikuwa anacheka.

Mwaka uliofuata wakaja wapima viwanja Kinondoni, na minyororo yao na vigingi. Walipiga vigingi katikati ya uwanja wetu, kimoja kwenye mchanga uleule tuliokuwa tukiufagia. Palikuwa panakatwa viwanja vya nyumba, na watu walihitaji nyumba; hatukuwa na la kusema. Wanaume walikwenda wakayang'oa makopo yao kabla hayajafukiwa.

Jumapili iliyofuata mume wangu alituambia kuna pori zuri upande wa Manzese, mwinuko kidogo, majani mafupi, mikorosho michache. Tukaondoka baada ya chai, wanaume na majembe na mapanga, wanawake na fagio na chakula, mama na mkeka wake kichwani. Jua lilikuwa bado halijachoma. Tulipofika mume wangu alitembea peke yake hadi juu ya mwinuko, akageuka huku na huku, akauonja upepo. Kisha akatuita, akituonyesha kwa mkono mahali pa shimo la kwanza, na watu wakaanza kubishana naye palepale kwamba hapo hapafai, lipelekwe kushoto zaidi.